Samaki ana pua, ana mabawa, anatembea, na usiku kajivua ngozi! Wazee wa Tanga huyu mnamwitaje?

MwanaNgamiani (mleta mada)

Wakuu salaam. Naomba mnisaidie na msinicheke, maana hapa nyumbani washanicheka vya kutosha.

Juzi bamvua, maji yamekupwa mpaka huko, shangazi akaenda kutanda uduvi Mwambani na wenzie. Karudi na ndoo imejaa, mie ndo mchambuzi, natoa majani, natoa vikaa, natoa vidagaa, uduvi unabaki peke yake tunaanika. Sasa katika kuchambua nikashika kitu kigumu nikajua kipande cha kifuu, nataka kukirusha kikacheza mkononi. Kuangalia kina macho!

Urefu kama kidole changu cha kati. Mwili mpana umebonyea kama kikasha cha kiberiti kilichokanyagwa, mgumu, una mabonde na vilima, rangi ya mchanga uliolowa. Mbele kuna pua imechomoza kama mdomo wa birika ila mdomo wenyewe wa kulia haupo hapo kwenye ncha, upo chini ya pua, kadogo kama tundu la sindano ya gunia. Ubavuni mabawa mawili yamelala bapa kabisa, yaani yametanda kama ya ndege akipaa, sio kama mapezi ya changu. Mkia una pingili pingili.

Nikamtia kwenye beseni na maji ya bahari, akazama chini kama jiwe. Nikasema kafa. Hajafa, akaanza KUTEMBEA. Ana vitu viwili vyembamba chini ya tumbo kama njiti, anaviweka kimoja mbele kimoja nyuma, taratibu, kama bibi harusi anaingia ukumbini.

Mwanangu yupo kidato cha pili akasema mama usimtupe, akamwekea na majani ya bahari humo. Basi tukalala. Alfajiri naamka kuswali nakuta beseni lina samaki WAWILI. Mmoja yule yule na mwingine mweupe unaona mpaka chini ya beseni kupitia yeye, pua anayo, mabawa anayo, ila haendi. Nilipiga ukelele jirani akaja na mwiko mkononi. Kumgusa kumbe ni ngozi tupu, nyepesi kama karatasi ya biskuti.

Shangazi kasema hicho kitu si cha kheri, nichome udi nikirudishe kilikotoka kabla ya magharibi. Mie nauliza tu, huyu ni nani?

Ukucha wa Kaa

Uzi bila picha ni sawa na mseto bila nazi.

MwanaNgamiani

Kioo cha kamera ya simu yangu kimepasuka mkuu, ukipiga kitu cha karibu kinatoka ukungu. Mtoto amemchora, nikipata wa kunipigia nitatupia.

Kibarua wa Gati

Huyo ni kasa aliyefeli mtihani wa taifa 😂

Bi Shughuli

Mimi nakwambia mwanangu hayo ya udi usiyapuuze, lakini na wewe umelala na kitu hujui ni nini ndani ya nyumba ina watoto, ulikuwa unategemea nini

Nahodha Mstaafu

Mleta mada nimekuelewa hata bila picha. Mimi nimevua kuanzia Sahare mpaka Kigombe toka kijana, dema, mshipi, jarife, na juya, ule wavu wa kuburuta, nimevuta (wakati ule hatukuulizwa). Huyo kiumbe namfahamu kwa sura. Anakuja ukivuta juya kwenye majani, pale maji ya kiunoni, anakuja pamoja na majani na vipande vya matumbawe na yule mweusi wa miba mirefu. Unamwona kwa sababu ni mgumu, samaki wengine wanarukaruka yeye katulia kama kakosea njia.

Jina sasa. Ukweli hatukumpa. Farasi wa baharini ana jina, chuchunge ana jina, bunju ana jina japo hata paka hali, huyu hana. Nahodha wangu wa kwanza alikuwa akisema "tupa takataka" na yeye akiwa humo. Kitu kisichoingia mnadani wala sufuriani unakipa jina la nini.

Hata yule samaki wa kale, silikanti, hapa Tanga alianza kuletwa pwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu, watu wakamtazama tu wakasema chewa gani huyu ana miguu. Sasa ana hifadhi kabisa, toka 2009, kipande kikubwa cha bahari hiyo ya Tanga kinaitwa kwa jina lake. Kwahiyo dada usione haya kuuliza.

Kibarua wa Gati

Mzee kumbe Tanga samaki wote wana miguu, ndo maana hawana haraka. Waja leo waondoka leo, wao wamebaki.

Bingwa wa Kila Kitu

Huyo ni jamii ya farasi wa baharini, rahisi sana. Na kwa taarifa yako wale dume ndo wanabeba mimba, kwahiyo huyo wako kuna uwezekano alikuwa anajifungua usiku, ile nyeupe ni kondo la nyuma. Msipende kukimbilia uchawi someni sayansi.

MwanaNgamiani

Kondo la nyuma lenye pua na mabawa?

Ukucha wa Kaa

😂😂😂 nimeweka kiti hapa

Pezi la Mgongo

Nimechelewa kuuona huu uzi, nimesomea samaki na ndo kazi inayoniweka mjini, ngoja niseme ninachojua.

Mleta mada umemweleza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Huyo ni wa familia inaitwa Pegasidae. Wazungu wanamwita nondo wa bahari kwa sababu ya hayo mabawa. Familia nzima ni ndogo mno, jenasi mbili tu, Eurypegasus na Pegasus, na spishi zake unaweza kuzihesabu kwa vidole. Anayepatikana kuanzia Bahari ya Shamu, pwani yetu hii ya Afrika Mashariki mpaka huko Pasifiki ni Eurypegasus draconis, mfupi mnene, mara nyingi hafiki sentimita 10. Yupo na Pegasus volitans, huyo mwembamba mrefu, anaweza kufika 18. Kwa kipimo cha kidole nadhani wako ni wa kwanza lakini fanya hivi: hesabu pingili za mkia. Zikiwa 8 au 9 ni Eurypegasus. Zikianzia 11 kwenda juu ni Pegasus.

Kuzama kama jiwe: hana kibofu cha hewa. Samaki wengi wana kile kipuliza ndani kinachowafanya waelee, ukipasua changu unakiona cheupe kinang'aa, huyu hana. Na mwili umefungwa kwenye mabamba ya mfupa, kavaa sanduku, hawezi kujipinda akaogelea kama tasi. Kwahiyo anatembea kwa mapezi ya tumbo, hizo njiti ulizoziona. Mabawa hayampaishi popote. Ukimtisha anayatandaza aonekane mkubwa, na akibanwa sana anaweza kuogelea kidogo kisha anarudi chini.

Pua: ule mchomozo ni mfupa wa pua na mdomo upo chini yake kama ulivyoona. Mdomo unachomoka kwenda chini, anafyonza viminyoo na vijidudu vya jamii ya kamba kwenye mchanga, kama mtu anamalizia juisi kwa mrija.

Sasa kujivua. Hapo ndo nimefurahi maana watu wachache sana wameona kwa macho. Anavua ngozi yote mara moja, nzima kama soksi, na sio mara chache kwa mwaka kama nyoka, huyu inaweza kuwa kila baada ya siku chache, hata siku moja hadi tano. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kiumbe anayekaa chini amejificha, haendi mbio, anaota ukungu wa majani na wadudu wanamng'ang'ania, kwahiyo anabadilisha shati. Hili liliandikwa 1993 na wanasayansi wawili, Herold na Eugenie Clark, yule mama wa Marekani aliyekuwa maarufu kwa papa.

@Bingwa farasi wa baharini dume kweli anabeba, jike anamwekea mayai kwenye mfuko wa tumbo, dume anatunza mpaka anazaa. Huyu wa beseni hana mfuko, wala jike wala dume. Wanatembea wawili wawili, jike na dume wake, jua likizama wanapanda pamoja kama mita moja hivi juu ya mchanga, wanaachia mayai na mbegu majini, mayai yanachukuliwa na mkondo, wao wanashuka zao.

Bingwa wa Kila Kitu

Ndo nilichosema, jamii ya farasi.

Pezi la Mgongo

Ukoo mmoja kwa mbali sawa, tena kwa vipimo vya vinasaba vya miaka hii ya karibuni ukoo wenyewe umekuwa mkubwa, ndani yake yupo mpaka mkundaji. Ila kondo la nyuma hapana mkuu 😅

Kibarua wa Gati

Mkundaji?? Yule mkundaji wa kukaanga mwenye ndevu mbili? Yaani huyu jini la dada na mkundaji ni binamu? Sayansi nimeiacha leo rasmi.

Mpare Mgeni

Samahani wakuu mimi wa milimani, mnaposema nondo, nondo si chuma cha zege? Maana nimesoma nondo wa bahari nikajua ni meli iliyozama.

Ukucha wa Kaa

Nondo mdudu, kile kipepeo cha usiku ambacho viwavi wake hula nguo kabatini. Halafu kuna nondo chuma. Halafu kuna nondo kama alizoshusha Pezi hapo juu. Chagua yako.

Nahodha Mstaafu

Hapo kwenye nondo sikubali. Nondo anapaa, anafuata taa. Huyu anatambaa na giza lake. Aliyempa jina hilo alimwona akiwa mkavu kabatini.

Pezi la Mgongo

Mzee hujakosea sana, wengi wa kwanza kuelezwa huko Ulaya walikuwa wamekauka, watu hawajamwona akitembea. Linnaeus alimpa Pegasus volitans jina mwaka 1758, Pegasus ni yule farasi mwenye mabawa wa hadithi za Wayunani, na volitans maana yake anayepaapaa. Wa dada ndo draconis, wa joka, 1766. Farasi, ndege na joka kwa samaki wa kidole kimoja. Wachina nao wana jina lao, hai maque, yaani shomoro wa bahari.

Bi Shughuli

Shomoro hapo nimeelewa. Rangi ya shomoro, ukubwa wa shomoro, na anavyotembeatembea chini akidonoa. Mimi napitisha shomoro.

Nahodha Mstaafu

Shomoro anaruka kwa miguu yote miwili pamoja, hatembei. Kama anaenda mguu mmoja mmoja huyo ni njiwa.

Kibarua wa Gati

Njiwa bahari! Weka kwenye mbao za mnada Deep Sea, fungu la njiwa bahari, kesho hakuna anayebaki.

Dalali wa Pwani

Mmetaja Wachina. Kilo inaenda bei gani? Wakavu au wabichi? Maana kuna mtu alikuwa anatafuta farasi wa baharini wakavu, nina vijana wa juya wananiletea

Pezi la Mgongo

Dalali taratibu. Farasi wa baharini yupo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, toka 2004, kumtoa nje ya nchi bila kibali ni kesi, usije ukalia uwanja wa ndege na begi limejaa vitu vya kunuka. Huyu shomoro/nondo/njiwa ni kweli kule kwao anauzwa mkavu kama dawa ya kienyeji, nao wanampata kwa kubahatisha kwenye nyavu za meli za kukokota. Lakini ukikausha samaki wa sentimita nane ambaye nyama yake ni mifupa anabaki kitu gani? Kilo moja unahitaji mamia. Hao mamia huwapati labda upalaze kitanda chote cha majani, na ukishapalaza majani umemaliza tasi, umemaliza kamba, umemaliza kazi ya hao vijana wako.

Dalali wa Pwani

Nimeuliza bei tu mkuu, umenifungulia mahakama

Mlinzi wa Mwamba

Tukiwa hapo hapo, kuna mtu ameona neno KUTANDA au nimeona peke yangu? Shangazi wa mleta mada ametanda na nini? Si chandarua? Kila siku tunasema kokoro ni marufuku, vyandarua vinafagia vitoto vya samaki, alafu mtu anakuja na hadithi ya beseni tunashangilia.

MwanaNgamiani

Mlinzi sikatai, ni chandarua. Shangazi yangu ni mjane ana miaka 60 na kitu, anaingia majini mpaka kiunoni na wenzie wawili, uduvi wanaogawana haujazi hata debe. Sisemi ni sawa. Nasema ukitaka kupiga kelele kuna maboti yanavuta kokoro la watu 20 mchana kweupe na wewe unayajua yanapopaki.

Ila kuna kitu toka jana kinanisumbua. Nilipomsomea shangazi hayo ya kutembea wawili wawili akanyamaza, akaniambia "walikuwa viwili. Kimoja nilikitupa na majani, nikajua kifuu." Hapo nimeshindwa kula.

Mlinzi wa Mwamba

Dah. Basi nisamehe ukali dada. Hayo maboti nayajua ni kweli.

Nahodha Mstaafu

Alimtupa wapi? Mchangani au majini?

MwanaNgamiani

Majini, alikuwa bado ndani ya maji, aliukung'uta wavu pale pale.

Nahodha Mstaafu

Basi yupo. Yule hana mbio za kufika mbali kwa siku tatu. Bamvua haijaisha, kesho asubuhi maji yanakupwa tena vizuri, mpeleke. Muwekee kwenye ndoo sio mfuko wa nailoni, badilisha maji kabla hujatoka, funika na kanga mbichi jua lisimchome. Na mpeleke hapo hapo, usimmwage Raskazone kwa kuwa ni karibu na nyumbani.

Pezi la Mgongo

Nakubaliana na mzee. Kwenye beseni hadumu, anakula vilivyo hai tu na uduvi wako mkavu hatoutazama. Kabla hujaenda umehesabu pingili?

MwanaNgamiani

Tumehesabu kwa tochi ya simu, tumemtia kwenye glasi. Mtoto kapata 8, mimi nimepata 9, tumerudia yeye 8 mimi 9. Anasema nahesabu na kiuno.

Alafu macho yake wakuu. Ukimtazama kwenye glasi jicho moja linakuangalia wewe na jingine linaangalia mtoto. Na kuna kama kitundu kidogo ubavuni kinafunguka kinafunga, nikamwambia mtoto angalia anapumua. Mabawa pembeni yana ukingo mweupe kama umetariziwa, kwenye beseni sikuuona, ni mpaka glasi ilipotikisika akayafungua yote.

Pezi la Mgongo

8 na 9 zote Eurypegasus, mmeshinda wote wawili. Na huo ukingo anauonyesha akishtuka, kwahiyo mrudishe kwenye beseni mama 🙏

Mpare Mgeni

Huu uzi nausoma kwenye basi la Lushoto nimepitiliza kituo.

MwanaNgamiani (mleta mada)

MREJESHO

Tumetoka saa 12 kasoro, mimi, shangazi na mtoto (shuleni nimemwombea ruhusa ya tumbo, msiniseme). Pikipiki ya kwanza ilikataa ndoo. Ya pili ikakubali ila mtoto akapanda nyingine peke yake na ndoo kaikumbatia kama mtoto mchanga, maji yamemmwagikia mpaka kiatu.

Kufika Mwambani maji yalikuwa yanaendelea kutoka, tumeyafuata taratibu mpaka shangazi akasema hapa, kuna jiwe limekaa kama meza na majani pande zote. Maji ya goti. Mtoto akashusha ndoo akaiinamisha ndani ya maji, wala hajamwaga, samaki akakaa humo humo. Tumemsubiri kama dakika tano. Shangazi akaanza kusema labda kapazoea 😂 Mwisho akatoka, mguu mmoja, mguu mwingine, akafika mchangani akasimama.

Nilitegemea atakimbia. Hakukimbia, alikaa pale pale mbele ya vidole vya mtoto. Yakaja mawimbi madogo ya ngalawa iliyokuwa inapita, mchanga ukafumka, ulipotulia hatukumwona tena, na tulikuwa tunatazama wote watatu macho hayajapepesa. Inawezekana hata hajaondoka, ndo rangi ile ile ya mchanga. Tukawa tunaogopa kunyanyua miguu tusimkanyage, tumerudi nyuma nyuma kama watu wanaotoka kwa sultani.

Wa pili hatujamwona. Shangazi alitafuta sana, kainama mpaka kanga yote imelowa. Uduvi leo hakutanda.

Nahodha Mstaafu

Vizuri mwanangu.

Kibarua wa Gati

Mimi mwenyewe nimekaa kimya hapa gatini na utani wangu wote.

Bi Shughuli

Na udi mlichoma?

MwanaNgamiani

Shangazi alichoma usiku wa jana, hakuniuliza.

Swali la mwisho kwa Pezi. Ile ngozi mtoto aliikausha kwenye daftari la jiografia, sasa imenata kwenye ukurasa. Kila tukijaribu kuibandua bawa linaanza kuchanika. Inatokaje?

Pezi la Mgongo

Haitoki. Ni nyembamba mno, ukiilazimisha utabaki na pua tu. Kata ukurasa wote, uweke ndani ya nailoni ngumu ya vitambulisho.

MwanaNgamiani

Ukurasa una kazi ya nyumbani, ramani ya maporomoko.

Ukucha wa Kaa

Mwalimu asahihishe na samaki humo humo. Na picha ya ngozi tupia basi, hiyo haisogei hata kamera yako itaiweza.